Maswali Sita kwa Mama Yake

Nilianza useremala nikiwa na miaka kumi na tisa, katika karakana moja ya Temeke yenye mashine mbili, mabenchi manne na choo kisichokuwa na mlango. Choo nakitaja mapema kwa sababu kilinisumbua kuliko mbao. Wanaume walitundika gunia wakaendelea na maisha. Mimi nilikuwa navuka barabara kwenda kwa mama muuza chapati, namwomba anisitiri, na nikirudi nakuta kazi niliyoiacha benchini imeshikwa na mwingine. Hakuna aliyenifukuza. Nilikuwa tu sipo kila kazi nzuri ilipogawanywa.

Mwenye karakana alikuwa mzaliwa wa Mtoni, fundi wa milango aliyerithi kazi kwa baba yake. Sote tulimwita Mzee. Alinipokea kwa sababu baba yangu, mbeba mizigo bandarini, alimwendea mara tatu kumwomba. Alinipokea, lakini hakunipa mashine. Mwaka wa kwanza wote nilipewa msasa, na baada ya msasa nikapewa vanishi. "Mkono wa mwanamke unajua kulainisha," alisema, na kwa kweli alidhani ananisifu. Nikimwuliza lini nitashika msumeno wa umeme, jibu lilikuwa lile lile.

"Mwanangu, ukiumia, baba yako nitamwambia nini? Ni kwa usalama wako."

Niliingia kwenye mashine kwa bahati ya msiba. Mafundi wawili walikwenda kuzika Rufiji wiki ileile tuliyokuwa tunamalizia madawati ya shule, na Mzee hakuwa na mkono mwingine. Alisimama nyuma yangu asubuhi nzima kama mtu anayemwangalia mtoto juu ya ukuta. Mchana akaenda kula. Kuanzia siku hiyo hakuzungumzia tena usalama wangu, na mimi sikumkumbusha.

Miaka ikaenda. Mafundi wakahama, magoti ya Mzee yakachoka, nami nikawa msimamizi wa karakana. Kitu cha kwanza nilichofanya kwa cheo hicho ni kutengeneza mlango wa choo, wa mninga, wenye komeo la ndani. Mzee aliutazama akasema ni mzuri kuliko mlango wa nyumba yake.

Ndipo ukaja mpango wa uanagenzi. Chuo cha ufundi kilikuwa kinatafuta karakana za mtaani za kushirikiana nazo: mwanagenzi asome darasani siku mbili kwa wiki, siku zilizobaki ashinde kwa fundi. Mratibu wa mpango alikuwa kijana mwenye kompyuta ndogo mgongoni na maneno mengi mazuri. Alisema mwaka huu wanataka wanagenzi wa aina zote, hasa wasichana, na karakana inayosimamiwa na mwanamke ni mfano. Akanipiga picha nimeshika randa. Sitaficha, nilifurahi. Niliona kwamba mimi ndiye jibu la swali lenyewe, kwa hiyo sikuona haja ya kujiuliza zaidi.

Usaili tuliufanyia ndani ya karakana, Jumamosi, watu watatu nyuma ya meza: mratibu, Mzee na mimi. Walikuja vijana wengi kutoka Tandika, Mbagala na Mtoni kwetu. Karibu na saa sita akaingia mama mmoja fundi cherehani, ametoka Tegeta, safari ya kuvuka mji mzima. Nyuma yake alikuwa binti yake, mwanamke wa miaka ishirini na saba, amebeba mfuko mkubwa wa plastiki.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Niseme mapema tusipotezeane muda. Huyu binti yangu ni kiziwi. Homa ilimchukua masikio akiwa mdogo. Lakini akili anazo."

Nikawakaribisha wakakaa. Nikauliza amesoma mpaka wapi. Mama akasema kidato cha pili, akaacha kwa sababu walimu walikuwa wanaongea na ubao. Nikauliza kama anajua kusoma na kuandika, anajua. Nikauliza anaishi na nani, na kama ameolewa. Nikauliza, mtu akimwita kwa nyuma anajuaje. Mama alijibu yote kwa upole wa mtu aliyeshayajibu mara nyingi. Wakati huo binti alifungua mfuko akatoa droo, akaiweka mezani. Ilikuwa droo ya meza ya cherehani, ya mbao za kreti za mizigo. Niliigeuza. Pembe zake zilikuwa zimekutana bila mwanya hata wa ukucha, na hakukuwa na msumari.

"Nani kamfundisha?" nikamwuliza mama.

"Hakuna. Anaangalia tu kwenye simu."

Mzee aliichukua droo akapitisha kidole pembeni kote. Hakuirudisha haraka. Mratibu alikuwa ananitazama mimi, maana ndiye niliyekuwa nakaa na wanagenzi kutwa. Nikasema nilichoona ni ukweli mtupu.

"Mama, mashine zetu zinaongea. Fundi anajua kwa sikio kama msumeno umegonga msumari, au kama kisu bado kinazunguka. Asiyesikia ataumia siku ya kwanza. Simkatai kwa ubaya. Ni kwa usalama wake."

"Haya," mama akasema. "Tumezoea."

Hakumtafsiria. Binti alikuwa amemtazama mama yake usoni na hakuhitaji zaidi. Akachukua kalamu yangu mezani, akaandika nyuma ya fomu yake, akanisogezea. Mwandiko ulikuwa wa kunyooka, kama wa mwalimu.

*Umemuuliza mama maswali sita. Mimi hujaniuliza hata moja.*

Akarudisha droo yake kwenye mfuko, akatangulia kutoka.

"Dah," mratibu akasema.

Mzee alikuwa anajisugua goti. "Maneno yangu hayo," akasema.

"Yapi, Mzee?"

"Ya usalama. Si ndiyo nilikuwa nakwambia wewe?"

Nikamwambia hili ni jambo tofauti kabisa. Mimi nilikuwa nasikia.

"Huenda," akasema, akaomba aitwe anayefuata.

Nilimkasirikia Mzee kwa siku kadhaa. Nilijieleza kichwani nikiwa naoga, nikiwa napika, na kila mara nilishinda kwa hoja. Mtu akijitetea hivyo bila kushitakiwa, kuna kitu. Lakini sikumtafuta yule binti. Tulichukua wanagenzi watano, wawili kati yao wasichana, mratibu akaandika ripoti yake na watu wakaridhika.

Wiki kama sita baadaye mmoja wa wale watano, kijana mrefu mwenye masikio yasiyo na tatizo lolote, alikuwa kwenye mashine ya randa akipitisha ubao wa mkongo. Umeme ukakatika. Mashine ikazunguka kidogo ikanyamaza, na ubao ukanasa katikati. Akainama kuusukuma kwa mkono. Umeme ukarudi.

Alipoteza ncha ya kidole cha pete mkono wa kushoto. Nilimfunga kwa aproni yangu, tukampakia kwenye bajaji, nikakaa naye hospitali mpaka watu wa kwao wakaja. Mama yake hakunigombeza. Ningefarijika kama angenigombeza.

Kesho yake tukamwita fundi umeme wa mtaani, mwanamume mfupi asiyependa mazungumzo. Alifungua kiboksi cha swichi, akachungulia.

"Hii umeme ukirudi inawaka yenyewe," akasema. "Tangu lini?"

"Tangu tuinunue," Mzee akajibu.

"Sasa nyie mnajuaje kama imezimwa au umeme umekatika tu?"

"Tunasikiliza."

"Kimya si kimya tu? Utasikiliza nini hapo?"

Mzee alinitazama, mimi nikatazama mashine. Siku zote nilikuwa nawaambia wanagenzi watumie masikio, na huyu kijana alitumia masikio. Yalimwambia kwamba ni salama. Karakana niliyosema haimfai asiyesikia haikuwa inamfaa hata anayesikia. Tulikuwa tu hatujapata zamu yetu.

Fundi umeme akatuwekea swichi mpya, ambayo umeme ukikatika inajizima na haiwaki mpaka ibonyezwe tena. Juu ya kila mashine akafunga taa nyekundu inayowaka kisu kinapozunguka, na inayobaki inawaka sekunde kadhaa baada ya kuzima, mpaka kisu kitulie. Ilikuwa kazi ya siku mbili. Jioni ya siku ya pili nilibonyeza na kuzima mashine ya randa mara kumi huku nimeziba masikio kwa pamba. Kila mara nilijua.

Jumapili baada ya ibada nikaenda Tegeta. Namba ya simu ya mama ilikuwa kwenye fomu, lakini niliona hili si la simu. Nilielekezwa nyumba isiyopigwa lipu, yenye baraza pana, na mama akiwa kwenye cherehani. Binti alikuwa ameketi kwenye mkeka anashona vifungo vya sare za shule. Aliponiona hakusimama.

"Karibu," mama akasema, bila kuondoa mguu kwenye cherehani. "Umepotea njia?"

"Hapana, mama. Nimekuja kwa binti yako. Nilikosea."

"Mlimkataa, sasa mnamtaka? Kimebadilika nini, amesikia?"

"Kimebadilika cha kwetu, si cha kwake."

Nikamwomba ruhusa nizungumze na binti mwenyewe. Nikakaa mkekani mbele yake, nikatoa simu, nikaandika yote: kidole, umeme, taa. Niliandika kwamba siku ile niliongea nisiyoyajua. Alisoma mara mbili. Akaandika yeye.

*Taa nitaiona nikiwa nimeipa mgongo?*

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nikamjibu kwamba sijui. Nadhani jibu hilo ndilo lililofungua mlango, maana aliweka sindano chini.

*Nitakuja kuangalia kwanza.*

Mama hakupenda. Alinisindikiza mpaka kona, akanieleza kwamba binti akiwa barazani anajua yuko wapi. Huko kwangu kuna mashine na wanaume na barabara, na mtoto huyu hasikii honi. "Mie ndiye masikio yake," alisema. Nilimwelewa kuliko alivyodhani. Nilimwambia tu kwamba atakuja kuangalia, na akisema hapana sitamsumbua tena.

Binti alikuja Jumanne, peke yake. Akaomba chaki. Alizunguka karakana nzima kwa muda wa saa moja, akisimama kwenye kila benchi, akiinama kama mtu anayefanya kazi, akigeuza kichwa. Kisha akaanza kuchora sakafuni. Mabenchi yote manne yalitakiwa kugeuzwa ili watu wafanye kazi wakiwa wameelekeana. Mashine ya randa ihamie upande wa dirisha. Taa moja zaidi ifungwe juu ya mlango, na swichi yake iwe nje, ili mtu anayeingia aibonyeze. Mafundi walinung'unika. Mmoja aliyekuwa na benchi lake mahali palepale kwa miaka minane aliuliza kama na yeye ahamishwe kwa ajili ya mwanagenzi ambaye hata hajaanza.

"Hamisha," Mzee akasema. "Unamwona mke wako sura kila siku, utatuona na sisi."

Tatizo lililofuata lilikuwa karatasi. Mratibu alifungua kompyuta yake akatikisa kichwa: mpango unataka cheti cha kidato cha nne, na muda wa kuandikisha umepita.

"Sista, mimi nakubaliana na wewe, ila mfumo haukubali."

"Uliniambia mnataka watu wa aina zote."

"Ndiyo."

"Basi huyu aliacha shule kwa sababu shule ilikuwa haiongei naye. Ukimdai cheti cha shule hiyo hiyo, umemwadhibu mara mbili."

Hakukasirika. Kumbe alikuwa mtu mzuri kuliko maneno yake. Alikwenda kwa wakubwa zake, akarudi, akaenda tena. Muhula uliofuata walikubali mwombaji asiye na cheti afanye jaribio la mikono badala yake, na kwa mlango huo waliingia pia vijana wawili walioishia darasa la saba ambao hakuna aliyekuwa akiwafikiria. Lakini hiyo ilikuwa baadaye. Yule binti hakusubiri. Alianza kwetu Jumatatu iliyofuata, nje ya mpango, kwa makubaliano yangu na Mzee.

Na wiki ya kwanza mimi nikampa msasa.

Sikufikiri. Mkono wenyewe ulikwenda ukachukua msasa ukampa, kama nilivyopewa. Alilainisha kwa siku tatu. Siku ya nne nilikuta karatasi ya msasa imewekwa benchini kwangu, nyuma yake pameandikwa: *Mpaka lini?*

Nikaandika chini yake: *Mpaka leo.* Mchana huo alipiga randa ubao wake wa kwanza.

Sitaki kumsimulia kama muujiza, kwa sababu hakuwa. Alikuwa na jicho zuri la pembe na subira ndogo. Aliharibu mbao. Alikuwa mkaidi, na akikasirika alikugeuzia uso, na hapo mazungumzo yalikuwa yamekwisha, huna la kufanya. Mara moja alikata miimo minane ya milango ikiwa mifupi kwa upana wa vidole vitatu. Nilipiga kelele, jambo la kipuuzi, watu wote wakageuka isipokuwa yeye. Kisha tukaandikiana kwa hasira kwenye ubao chakavu. Yeye alisema hicho ndicho kipimo nilichompa. Mimi nilisema nilimwambia kingine. Akaandika: *Ulikuwa umeinama.* Ni kweli, nilikuwa nimeinama naokota penseli huku nikimtajia vipimo, na yeye alisoma nusu ya midomo yangu. Kuanzia siku ile vipimo vyote vikawa vinaandikwa kwa chaki kwenye ubao mweusi ukutani, vya kila kazi na vya kila mtu. Wenye masikio mazima walikosa kisingizio cha kusema hawakusikia vizuri.

Mratibu alitutafutia mwalimu wa lugha ya alama, naye mwenyewe kiziwi, akawa anakuja Alhamisi mchana. Mafundi walianza kwa kujifunza matusi, kama mtu anavyoanza lugha yoyote. Baadaye wakajua *shika*, *acha*, *hatari*, *chai*, *bado*. Kijana aliyekatika kidole alishika haraka kuliko wote, nadhani kwa sababu alikaa kwenye likizo ya jeraha hana la kufanya, akawa anafanya mazoezi na yule binti kwa simu za video. Mimi nilikuwa mgumu. Vidole vyangu vimekomaa kwa mbao, na mpaka leo nikijaribu kusema *subiri* nasema kitu kingine ambacho hakuna aliyekubali kuniambia ni nini.

Alipokwisha kuingia kwenye mpango, mtihani wake wa kwanza wa ufundi binti alifeli nadharia. Vitendo alipita vizuri, lakini kwenye nadharia msimamizi alitoa maelekezo kwa mdomo huku akitembea kati ya viti, na mkalimani aliyeahidiwa hakuja. Alirudi karakana akapanga patasi zake kwa ukubwa, akazipanga tena. Mratibu aliandika barua, mimi nikaandika nyingine, Mzee akaweka sahihi kwenye zote mbili bila kuzisoma kwa sababu alikuwa hana miwani. Mara ya pili mkalimani alikuwepo, akapita. Mama yake alikuja na sinia la pilau na akala nasi, amekaa kwenye benchi la binti yake, akiangalia ile taa ya mlangoni kila ilipowaka.

Baada ya miezi mitano binti akaondoka. Alipata kazi Tegeta, kwenye karakana inayotengeneza makabati ya jikoni, umbali wa kutembea kutoka kwao. Alinipa taarifa kwa maandishi, wiki mbili kabla, kama inavyotakiwa. Mimi nilinuna. Nilijiambia nimehamisha mabenchi kwa ajili yake, nimegombana na mfumo kwa ajili yake, nimejifunza kusema *hatari* kwa mikono nikiwa na umri huu. Nilikuwa nimeanza kumhesabu kama kitu changu, na hakuna aliyenipa haki hiyo. Siku yake ya mwisho nilimpa mkono tu. Yeye alimkumbatia Mzee.

Nilikaa wiki tatu bila kumwandikia. Ndipo mama yake akanipigia.

"Mwalimu, mbona umenuna?"

"Sijanuna, mama. Kazi nyingi."

"Umenuna. Ulitaka akae kwako mpaka azeeke? Mie mwenyewe nimemwachia."

Nikamwuliza binti anaendeleaje huko.

"Mzima. Kila siku anagombana na bosi wake. Anamwambia asimsemeshe huku ameinama."

Nikacheka mpaka Mzee akaniuliza kuna nini. Nikamwambia mama asiwe na wasiwasi, bosi atazoea. Kisha nikamwandikia binti ujumbe, wa kwanza tangu aondoke, kumwuliza makabati yao wanatumia bawaba za aina gani, kwa sababu zetu zilikuwa zinalegea na nilikuwa kweli nataka kujua.